Kisanduku cha Ubongo

Leokadia alikuwa ameshaweka alama ya vema kwenye visanduku vya ini na figo katika fomu ya hospitali. Sheria ilimtaka jamaa wa mgonjwa alinganishe mwenyewe, kiungo kwa kiungo, jeni zinazofanya kazi kwa mgonjwa na kwa panya wake wa majaribio, aliyepewa ugonjwa uleule. Zikifanana, dawa iliyomponya panya hupewa mtu. Panya wa mumewe, Kasian, alikuwa amerudiwa na kumbukumbu. Kasian mwenyewe, tangu Jumatatu, alikuwa akimwita mkewe "dada".

"Umefika wapi, wifi?" aliuliza Veneranda, dada yake Kasian, huku akimenya ndizi.

"Kwenye ubongo. Maini yao utadhani ya mapacha. Lakini hapa jeni kumi na nne zinafanya kazi kwa panya, na kwa Kasian zimelala."

"Kumi na nne tu! Weka vema, wifi. Kwani panya atakwenda kushtaki?"

Leokadia alicheka kidogo. "Na dawa ikimdhuru?"

"Na akikusahau kabisa?"

Leokadia alianza kuhesabu upya, taratibu, tangu mstari wa kwanza.

Kasian alichungulia mlangoni. "Samahani, dada. Mke wangu atarudi lini?"

"Kesho," alisema Leokadia, akafunika kalamu. Kisanduku cha ubongo kilibaki kitupu.