Soksi Kabla ya Kushuka Kitandani

"Usishushe miguu!" mwalimu alikemea, kana kwamba mkewe alikuwa mwanafunzi aliyechungulia dirishani. "Karatasi ya maelezo inasema soksi zivaliwe kabla unyayo haujagusa sakafu."

Mkewe akabaki chali, miguu juu ya mito miwili, macho darini. Ilikuwa asubuhi ya tisa ya zoezi hilo. Mwalimu, aliyestaafu bila kuchelewa hata kipindi kimoja, alivaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, akaipindua soksi ya kubana mpaka kwenye kisigino, akaanza kuipandisha kidogo kidogo, akisawazisha kila kunyanzi kwa kiganja.

"Polepole, Mwalimu. Huo ni mguu, si mto unaotiwa foronya."

"Foronya haina mdomo."

Mkewe alitaka kucheka. Kicheko hakikuja. Siku hizo mambo mengi hayakuja.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama mbele ya pasi kubwa ya mvuke katika chumba cha kufulia cha hoteli, akinyoosha mashuka. Kila jioni vifundo vyake vilipotea. Mguu ulikuwa na unene mmoja kutoka goti hadi wayo, na ukibonyezwa kwa kidole gumba, shimo lilibaki hapo muda wa kutosha kunywa maji glasi nzima. Nyuma ya magoti mishipa ilikuwa imetutumka, ya buluu, imejipinda. Hakuwa amemwambia mtu kazini. Hakuna aliyeuliza.

Kisha likabandikwa tangazo: Ijumaa, saa nne, daktari angepima miguu ya wote wafanyao kazi wakiwa wamesimama. Sababu haikuandikwa. Sababu aliitoa mpiga pasi mwenzake, aliyeitwa Redio kwa kuwa habari haikuwahi kulala kifuani mwake.

"Wanapunguza watu, shoga yangu. Mwenye miguu mibovu, kwaheri. Mimi na haya mapipa yangu ndiyo basi tena."

"Na mimi je?"

Redio alimtazama chini, akatikisa kichwa. "Mimi nikiwa pipa, wewe ni tangi."

Ilikuwa imebaki miaka mitatu afikie kustaafu, na miwili binti yao wa mwisho amalize chuo. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu. Jioni ile alimweleza mumewe kwa sauti ile ile ambayo angetumia kumwambia kuwa chumvi imekwisha.

Mwalimu alikuwa mtu ambaye alipata kumrudishia mwanafunzi alama moja aliyomnyima kimakosa, miaka minne baada ya mtihani. Alfajiri iliyofuata alichukua futi ya fundi cherehani, akampima mkewe kifundo na shavu la mguu kabla hajaamka, akaandika vipimo, akaenda duka la dawa.

"Kuficha si kudanganya," alisema aliporudi na soksi za kubana, bila kumtazama. "Daktari ataona atakachokiona."

Na soksi zilifanya kazi. Siku ya nne vifundo vilirudi. Siku ya saba, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, viatu vyake vya kazi vilimpwaya.

Ijumaa ilipofika alizivua chooni, akazifutika mkobani, akasugua alama ya mpira chini ya goti mpaka ikafifia. Alikaa kwenye benchi, miguu ameinyoosha. Redio aliitwa kabla yake. Alipotoka alikuwa ameziba uso kwa leso, mabega yakimtikisika, akapita bila kusema neno. Redio, bila neno! Mke wa mwalimu alimfuata kwa macho hadi mwisho wa ukumbi. Alijua ilimpasa amwonee huruma, akaitafuta hiyo huruma, hakuiona. Jina lake likatajwa.

Daktari alimlaza, akampima kifundo, akampima shavu la mguu. Akambonyeza kwa kidole gumba, akangoja. Ngozi ilirudi mahali pake papo hapo. Akabonyeza tena, mguu wa pili.

"Jioni haijai?"

"Haijai, daktari."

"Ganzi? Kuwaka moto? Misuli kukaza usingizini?"

"Hakuna."

"Fikiri vizuri, mama. Miaka ishirini na miwili kwenye pasi."

"Nimefikiri. Kwetu tumezaliwa na miguu ya chuma."

Daktari aliinua kope, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, kama mtu anayengoja ajirekebishe. Hakujirekebisha. Daktari akapumua, akachora mstari juu ya jina lake.

"Kwa hiyo nimepita?"

"Umepita," daktari alisema, akifunga daftari. "Wamefungua meza ya kushona mashuka yaliyochanika, kazi ya kukaa kutwa, kwa mshahara ule ule. Nafasi ni moja, nami niliagizwa nimpe mwenye miguu mibovu kuliko wote. Ameipata huyo aliyetoka sasa hivi. Wewe, kwa bahati nzuri, utaendelea kusimama."