Kikohozi cha Namba Tatu

Nyuma ya shuka, namba tatu alikohoa mara mbili. Mwalimu Wangui akashusha pumzi. Alikuwa ameisubiri ishara hiyo tangu asubuhi, kalamu mkononi.

Shuka lenyewe lilikuwa la maua, limefungwa kwa kamba kutoka dirisha hadi dirisha katika ukumbi wa kanisa pale mtaani Rhonda, Nakuru. Lilitundikwa kwa sababu ya aibu ya mwaka jana, wakati nafasi kubwa ya mchezo ilipopewa mpwa wa mwenyekiti, msichana mwenye sauti ya mlango wa zizi. Watu walitukanana mpaka kikundi chao cha maigizo kikakaribia kuvunjika. Basi mwaka huu hakuna jina, hakuna uso. Unapewa namba mlangoni, unaimba nyuma ya shuka, na majaji watatu wanakupa alama juu ya kumi na maoni ya mstari mmoja.

Wangui, jaji wa kwanza, aliunga mkono uamuzi huo kwa mikono miwili. Kisha akaenda nyumbani kutafuta njia ya kuuzunguka.

Msimlaumu haraka. Zeddy, binti yake wa pekee, alikuwa na pasipoti tayari na ajenti wa kumpigia simu kila jioni. Kazi ya nyumba, Saudia, ndege ya Jumatatu. Msichana wa jirani yao alikuwa amerudi kutoka huko ndani ya jeneza, na Wangui ndiye aliyeongoza nyimbo za mazishi. Tangu siku hiyo, chakula hakikumshuka vizuri.

Mama na binti walibishana wiki nzima, mwisho wakakubaliana hivi. Mchezo huu wa nyimbo ungezunguka shule za Bonde la Ufa mwaka mzima, na mwimbaji mkuu angelipwa kila mwisho wa mwezi. Zeddy akiipata nafasi hiyo, anabaki. Akiikosa, anaenda, na mama asiseme neno.

"Kabla uanze kuimba, kohoa mara mbili," Wangui alikuwa amemwambia asubuhi, akimmiminia chai.

Zeddy alikitazama kikombe. "Mum, si unipime tu kama mtoto wa mtu mwingine?"

"Wewe kohoa," mama akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa kikohozi kilikuwa kimekuja. Namba tatu akauimba wimbo uliopangwa, juu na safi, vile vile Wangui alivyowafundisha wasichana wa Nakuru kwa miaka ishirini: pumzi tumboni, kidevu chini, kila neno limepigwa pasi. Katikati sauti ilikwaruza kidogo. Ni woga, Wangui akajiambia, maskini mtoto wangu. Akachungulia karatasi ya Kipsang, jaji wa pili, aliyekuwa akifuta macho kwa leso kwa sababu ya vumbi la Februari. Kipsang alikuwa ameandika saba. Wangui akaandika kumi.

Namba nne na tano walikuwa wa kupita tu. Hata kuwakumbuka ni kazi.

Kisha akaja namba sita. Huyu hakukohoa. Alianzia chini kabisa, kwa sauti nzito ya kifuani, sauti ya mtu aliyechoka kubembelezwa na kubembeleza. Wimbo ni ule ule, lakini aliuimba kana kwamba anamuaga mtu anayempenda na ambaye bado amemkasirikia. Linah, jaji wa tatu, akaweka kalamu chini na kusahau kuiokota.

Kuna kitu katika sauti ile kilichomgusa Wangui mahali asipotaka kuguswa. Akakitafuta, akakikosa, na kwa kuwa alikikosa kikamkera. Darasani kwake, kuimba hivyo kulikuwa marufuku. Na hapa, huyu ndiye atakayemharibia. Huyu ndiye atakayempandisha mtoto wake kwenye ndege.

Basi akaandika mbili. Na kwenye maoni, kwa ule mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akaandika: "Sauti ya baa za Salgaa. Huyu hakupata mama wa kumfunza."

Alijua ni uongo. Hasira ilimfanya aukandamize wino mpaka karatasi ikatoboka.

Alama zikajumlishwa. Namba tatu ameshinda, namba sita wa pili. Linah akaona mbili ile, akaiokota kalamu yake, akaiweka tena chini. Walikuwa wamekubaliana mbele ya kikundi chote kwamba alama ya jaji haiguswi. Karatasi za maoni zikapelekwa nyuma ya shuka, kila mwimbaji apokee zake.

Wangui alikuwa ameshasimama. Alikuwa anafikiria atakavyompigia ajenti mwenyewe, amwambie akatafute watoto wa kwingine, na baadaye ampeleke Zeddy Kikopey wakale nyama hata kama si sikukuu. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka na hakuyaficha. Akatanua mikono.

Kipsang akafungua kamba, na shuka likaanguka.

Namba tatu alikuwa msichana mwembamba kutoka Gilgil, hakuna aliyemjua pale ndani, leso mdomoni, vumbi bado likimkohoza.

Nyuma yake alisimama Zeddy, namba sita kifuani, akisoma karatasi yenye tundu. Aliisoma mara mbili, polepole. Mwandiko ule aliujua tangu chekechea. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mum," akasema, "ile sanduku kubwa uliweka wapi?"