Bega la Baba

Daktari aliyasoma majibu ya damu mara mbili, kisha akavua miwani.

"Binti wa miaka minne, na homoni ya kiume imepanda namna hii. Ndiyo maana anaota nywele za kwapa. Nyumbani kuna mtu anayejipaka jeli ya homoni?"

"Nani tena, daktari?" mama mtu alishangaa. "Hebu rudieni kipimo."

Kila asubuhi baba mtu alijifungia bafuni akajipaka jeli hiyo mabegani, siri ambayo hata mkewe hakuijua, kisha akambeba binti mgongoni hadi shule.

Binti alichoka kusubiri. Akampanda baba mapajani, akalaza shavu begani, palepale alipopazoea.

"Shuka, mwanangu. Usiniguse."

Mkewe akageuka taratibu.