Fuko Atega Maji

"Unatega nini hapo?" Kicheche alifoka, amesimama ukingoni mwa shimo lililochimbwa kati ya nyumba yake na ya Fuko.

"Natega maji, jirani."

"Maji yana miguu? Hutegwa wenye miguu, na wanaopita hapa ni wanangu!"

"Mvua ikinyesha, maji yataingia humu na kuzama taratibu. Nitapanda nyasi pembeni. Kiangazi kisima chetu hakitakauka."

"Nani akutume kuhangaika bure kwa ajili ya wenzako? Una lako jambo."

Fuko alipokwenda kutafuta nyasi, Kicheche alilijaza shimo kifusi. Kisha akamwaga saruji juu yake mpaka kwenye kizingiti chake, ili asichimbe mtu tena.

Jioni ile ile mvua ikanyesha. Maji yalishuka kutoka mapaa yote ya mtaa, yakakosa pa kuzama, yakajaa mlangoni kwa Kicheche. Watoto wakapanda kitandani, maji yakawafuata. Aliyeogopa mtego akawa amenaswa nyumbani kwake mwenyewe.

"Fuko! Fuko, ndugu yangu!"

Fuko akaja na kucha zake. Akapasua ile saruji mbichi, akatupa kifusi kando. Maji yakageukia shimoni, yakazama.

Kicheche akafungua mlango nusu, watoto wakiwa nyuma yake, akamkagua Fuko kuanzia pua hadi kucha.

"Haya, tega na hapa mlangoni, jirani," alisema. "Lakini nitasimama papa hapa nikikutazama."