Kasia la Peres

Kidole gumba cha mume wa Peres kilikuwa tayari kimepakwa wino karani wa idara ya uokoaji alipomsomea mstari wa mwisho wa fomu: mtumbwi ulipotea ziwani pamoja na wavuvi wake kwa uzembe wa nahodha.

"Nahodha ni mke wangu," mzee akasema.

"Mwanamke na unahodha wapi na wapi? Weka kidole, mzee, urudi zako nyumbani. Foleni ni ndefu."

"Miaka kumi na minne alivuka mawimbi yale, na hata kofia ya mvuvi haikulowa. Siku ya dhoruba, boti yenu ya uokoaji ilikuwa wapi?"

"Injini ilikuwa mbovu."

"Basi andika hiyo."

Karani hakuandika.

Lililorudi ufukoni lilikuwa kasia la Peres tu. Mzee alikuwa amelibeba begani mpaka katikati ya jiji, watu wakimcheka. Sasa akalilaza juu ya fomu. Kwenye mpini palikuwa na kishimo laini, kilichochimbwa na kidole gumba cha Peres miaka yote hiyo.

Mzee akakandamiza chake mumo humo, wino wote ukaishia hapo.

Nyuma yake kwenye foleni, ndugu wa wavuvi waliopotea wakatia vidole gumba vyao mifukoni.