Vikuku vya Bi Mwamvua

Haki ya Mungu hili ni la kweli, na anayebisha aje nimchungulie sikioni. Siku hizo kila aliyefikisha sitini alirudisha serikalini vikuku vyake, vile vifupa vidogo vinavyopokea mtikisiko wa ngoma ya sikio na kuufikisha ndani.

Bi Mwamvua, Mzaramo wa miaka sitini na mitatu, alivificha vyake kwa kujifanya kiziwi. Mumewe Pazi alilala chumbani hajiwezi, kabakiwa na mnong'ono tu. Nani mwingine angemsikia?

Mkaguzi Mihayo, Mnyamwezi, akasimama nyuma ya Bi Mwamvua. Akagonga sufuria. Bi Mwamvua akaendelea kuchambua mchele.

"Mzaramo akisikia ngoma," Mihayo akasema taratibu, "hata msiba anauacha."

"Afadhali sisi. Wewe Mnyamwezi utabeba mizigo ya watu mpaka kaburini."

Ulimi ulijibu wenyewe. Utani haungoji ruhusa. Mihayo hakucheka. Akatoa koleo.

"Lala ubavu, mama."

Jioni midomo ya Pazi ilifunguka, ikafumbana.

"Sema tena," Bi Mwamvua akamwambia. Sauti yake mwenyewe ikamvumia kichwani kama ndani ya mtungi. Ya Pazi haikufika.