Wamenichukulia Viatu

"Wamenichukulia viatu," Afton alinong'ona kwenye simu. "Hapa sote tunatembea na soksi tu."

"Kwani ulikuwa na safari?" Janeal aliuliza, mkono mmoja kwenye usukani.

"Usinitanie. Ndiyo, nilikuwa na safari. Nilipitia dirishani."

"Ukafika wapi?"

"Nilikwama. Na usiniulize kilichokwama ni kiungo gani."

Janeal alicheka mpaka gari likayumba. Ndivyo Afton alivyo, hata umfungie kwenye sanduku la chuma atatoka na kisa. Lakini kicheko kilimkauka upesi, maana upande wa pili mtu alikohoa, na kikohozi kile hakikuwa cha Afton. Kwa Ndugu Lamont, mwenye mahali pale, simu ya Jumapili husikilizwa na mlezi, kidole tayari juu ya kitufe. Ukisema lisilotakiwa, inakatwa.

Wazazi wote waliowahi kumkabidhi Ndugu Lamont kijana mtukutu, pale nyuma ya milima myekundu ya Utah, walifundishwa namna ya kuijibu simu hiyo. Akilia, ni hila. Akisema amepigwa, anatafuta huruma. Jibu ni hilohilo siku zote: tunakupenda, fuata utaratibu. Janeal alikuwa nalo kichwani kama wimbo wa kanisani.

"Chakula je?" aliuliza.

"Maharage ya baridi. Hata ile jeli tamu ya kijani ya huku kwetu hawatupi."

"Ile yenye karoti ndani? Hapo wamekuokoa."

"Janeal, nisikilize." Sauti ilishuka. "Juzi niligoma kula. Wakaniketisha nimetazama ukuta kutwa nzima, na wenzangu wakakatazwa kunisemesha. Nilipoinuka, yule mlezi mkubwa alinivuta mkono. Umevilia damu mpaka kwenye kiwiko."

Kikohozi kilirudi, kikali zaidi, lakini simu haikukatwa. Mlezi naye alitaka kusikia jibu.

Janeal aliingia barabara ya vumbi. Kwenye kiti cha pembeni, jozi mpya ya raba, aliyoinunua jana kwa kuwa alijua desturi ya pale, ilirukaruka kila gari lilipopiga shimo.

"Unaniamini?" Afton aliuliza. "Nilimwambia Lamont kwamba nitakueleza wewe kila kitu. Alicheka. Akasema wewe ndiye wa mwisho atakayeniamini."

Hilo lilimuuma Janeal, kwa sababu Lamont hakuwa amekosea sana katika hesabu zake. Zamani angekuwa sahihi kabisa. Kulikuwa na siku Janeal aliapa kwamba simu kama hii ikimfikia, atajibu kama walivyofundishwa wote, kisha akale chakula chake cha mchana kwa raha.

Alisimamisha gari mbele ya geti. Kibao kilikuwa kimepakwa rangi upya, lakini chini ya maneno "Makao ya Wazee" bado zilichungulia herufi za ile shule ya Lamont iliyofungwa na serikali.

"Tunakupenda," alisema polepole. "Fuata utaratibu."

Upande wa pili mlezi alicheka kidogo. Afton akaanza kulia, si kwa kelele.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema. "Kila Jumapili nilikujibu hivyohivyo, na wewe ulikuwa na miaka kumi na tano."

Gari la pili, la polisi, lilisimama nyuma ya lile la Janeal, taa zake za juu zikizunguka. Janeal alichukua viatu akafungua mlango.

"Nakutania tu, Mama," alisema. "Mimi nakuamini. Niko getini na sherifu."